Jerikani la njano chini ya sinki

Chini ya sinki la jikoni kwangu kuna jerikani la njano la lita 20, limekatwa ubavu mmoja likawa kama mtumbwi. Mshikio nimeuacha, ndio ninaobebea. Ndani mna nyundo, koleo, bisibisi mbili, spana, msumeno wa chuma, tupa, testa, na vikorokoro vingine ambavyo mgeni akiviona hudhani nimesahau kuvitupa. Watoto wanaliita "duka la Mama". Halina kufuli wala mfuniko, na nilifanya hivyo makusudi.

Kabla ya jerikani kulikuwa na sanduku. La chuma, jekundu, lenye vitrei vinavyofunguka kwa ngazi-ngazi. Mume wangu alilinunua kwa raha kabisa, akalipanga, akalifunga, akaliweka kwenye buti ya gari. Gari hukaa alipo mwenyewe, na mwenyewe, kwa kazi yake, wiki tatu za mwezi yuko Lira, kaskazini mwa Uganda. Mimi na watoto tuko Kireka, karibu na Kampala. Kwa hiyo nyumba yenye paipu, soketi, vitasa na mabati ilikuwa huku, na spana zilikuwa zinatalii kaskazini.

Nililielewa hilo saa nane usiku, mwezi wa Aprili, mvua imeshapita. Anayeishi mtaani kwetu anajua tabia ya maji: mchana kila mtu amefungua bomba, presha inalegea, usiku watu wamelala, presha inapanda, na paipu iliyochoka huchagua saa hiyo hiyo kukata tamaa. Yetu ilikuwa ya chuma, ya zamani, inapanda ukuta wa nje kuingia jikoni. Kutu ilikuwa imeitoboa karibu na kiungo, tundu la kupita sindano tu. Lakini uzi wa maji uliotoka hapo ulikuwa unaruka mpaka karibu na boksi la mita ya umeme. Nilikimbilia valvu kubwa ya nje. Haikugeuka. Tangu tuhamie hakuna aliyewahi kuigusa, nayo ilikuwa imeganda kama imechomelewa.

Nikapiga simu Lira.

"Chukua spana kwenye sanduku," akasema, sauti ya mtu aliyefufuliwa.

"Sanduku liko wapi, Baba?"

Kimya kirefu. "Liko hapa."

Aliyetuokoa ni kijana wa bodaboda aliyekuwa amelala juu ya pikipiki yake pale stejini. Nilimwamsha nikiwa na kanga na gambuti. Hakuwa na spana naye, ila kwenye keria alikuwa amefungia koti lake la mvua kwa ukanda wa mpira wa tyubu, ule mweusi wanaoukata kutoka tyubu za zamani. Akaufungua. "Mama, nipe kitambaa kikavu kwanza." Akafuta paipu. Akaanzia kama inchi nne kabla ya tundu, akavuta ule mpira mpaka ukakonda, ndipo akauzungusha. "Vuta mpaka uone umebadilika rangi kidogo. Ukizungusha bila kuvuta umeivalisha paipu sweta." Kila mzunguko ulikalia nusu ya mwenzake. Alipofika juu ya tundu maji yalipiga kelele kama paka, yakatulowesha sote wawili, akaongeza mzunguko wa tatu, wa nne, kelele ikafa. Akasonga mbele inchi nne nyingine, akarudi alikotoka, akachomeka ncha chini ya mzunguko wa mwisho. Hakuna fundo. Mpira wenyewe ndio unaojibana.

Aliniomba elfu tano, nikampa kumi. Paipu ilikaa hivyo siku tisa mpaka fundi alipopatikana.

Asubuhi yake nilipasha kisu kwenye sigiri nikakata jerikani.

(Wanafunzi wangu waliwahi kuniuliza neno jerikani ni la wapi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, maswali ya aina hiyo ndiyo chakula changu. "Jerry" lilikuwa jina la utani ambalo wanajeshi wa Uingereza waliwapa Wajerumani, na Wajerumani ndio waliotengeneza makopo ya chuma ya lita 20 ya kubebea mafuta vitani. Waingereza wakayapenda, wakayaiga, jina likabaki. Kwa hiyo nyundo yangu inalala ndani ya Mjerumani.)

Basi mtu akiniuliza aanze na kitu gani nyumbani, hutegemea nitasema nyundo. Mimi nasema mpira wa tyubu. Nenda kwa anayeziba pancha, mwambie akukatie vipande vya upana wa vidole viwili, virefu kadiri tyubu inavyoruhusu. Elfu moja inakupa fungu la kutosha mwaka. Utafungia gunia la makaa, utashikiza mpini wa jembe uliopasuka, utafungulia mfuniko wa chupa unaoteleza, utabana miguu ya kiti huku gundi ikikauka. Adui zake ni jua na mafuta. Ukiuacha nje unapasuka-pasuka kama kisigino, na ukiulowesha petroli unageuka uji. Tena ni huduma ya kwanza tu. Nina jirani ambaye paipu yake imevaa tyubu tangu kabla ya korona, na kila nikipita naiangalia kwa huruma.

Cha pili ni ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, nyembamba, isiyonata. Roli moja haizidi bei ya chapati mbili, na bila hiyo hakuna kiungo cha chuma kitakachokaa kikavu. Ina siri moja ambayo mafundi wengi hawaisemi, na wengine nahisi hawaijui: izungushe upande ule ule ambao nati itazungukia ukikaza. Shika paipu meno yakikutazama, zungusha kama mshale wa saa. Ukienda kinyume, kila unavyokaza unaifungua, inakunjamana na kutokeza nje kama shati lisilochomekwa. Mume wangu alibisha juu ya hili kwa Krismasi mbili mfululizo. Siku hizi habishi.

Washa za bomba nazo ni za kuweka, zile za nusu inchi, kumi kwenye mfuko wa nailoni. Bomba linalodondoka tone tone ndilo lililonifundisha kwamba mtu anaweza kulipa elfu thelathini kwa kipande cha mpira kisichozidi kitufe cha shati. Funga maji. Fungua bomba lenyewe limalize yaliyobaki. Zungushia kitambaa kichwa cha bomba ili spana isichubue ile nikeli, kisha legeza. Ukitoa ule mtambo wa ndani utaiona washa mwishoni kabisa, imeliwa upande mmoja, ina mfereji wa duara katikati. Itoe, weka nyingine, rudisha. Hapo kwetu Tororo, mama yangu alikuwa anakata washa kwenye sapatu iliyokufa. Inafanya kazi, nimejaribu, ila ni laini mno na baada ya miezi michache bomba linaanza kulia tena.

Na spana hiyo ya kulegezea. Mafundi wanaiita spana malaya, eti kwa sababu inakubaliana na nati yoyote. Jina silipendi, na darasani silitumii, lakini dukani ukisema "spana ya kurekebisha" kijana anakutazama tu, kwa hiyo na mimi naliropoka kama wengine. Mswidi aliyeipatia hataza mwaka 1892, Johan Petter Johansson, hakujua tutamharibia kazi kwa jina hilo. Ninayo moja, ya inchi kumi, inatosha. Ila jifunze kuigeuza: taya lisilosogea ndilo libebe nguvu, lile linalosogea lifuate. Ukifanya kinyume inateleza, inazila kona za nati, na kiganja chako kinakutana na ukuta.

Spana nyingine iliyomo nyumbani haina kazi, lakini siwezi kuiacha bila kuisema. Ni ya baba yangu mzazi. Baba alikuwa fundi wa Reli, na mimi nilizaliwa kwenye landi za Reli, zile nyumba za wafanyakazi, pale Tororo, ambako Mjapadhola, Mteso, Msamia na Mnubi walikutana kwenye Kiswahili kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kujifunza lugha ya mwenzake. Spana hiyo ni nzito kama dhambi, na mpini wake umepigwa herufi E.A.R., za lile shirika la reli la Afrika Mashariki lililovunjika 1977. Ilitokaje karakana ikafika nyumbani, sikuwahi kuuliza, na sasa wa kuulizwa hayupo. Nilipoirithi nilidhani nimepata mali. Kila nati niliyoijaribu ilicheza ndani yake kama punje ya mahindi kwenye kibuyu. Kumbe ni kipimo cha zamani cha Kiingereza, Whitworth, ambacho hakihesabu upana wa kichwa cha nati bali unene wa bolti yenyewe. Imeandikwa nusu inchi, lakini mdomo wake una karibu milimita 23 na nusu. Vitu vyangu vyote ni vya milimita: 10, 13, 17. Kwa hiyo spana ya Reli niliipa kazi ya kuzuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo, nayo ikaifanya kwa heshima zote.

Baba alinifundisha jambo moja la misumari ambalo nimewashinda nalo maseremala wawili. Kabla ya kupigilia msumari kwenye ubao mwembamba au ukingoni, geuza msumari, ncha iangalie juu, igonge kidogo mpaka iwe butu. Ncha kali inapenya kama kabari na kupasua mbao. Ncha butu inajichimbia njia. Na kama unaogopa vidole, shika msumari kwa meno ya kitana. Misumari ya ukutani iwe ile migumu ya zege. Ya kawaida kwenye plasta ya saruji inajikunja kama inasalimia wakwe.

Umeme. Hapa nitakaa kidogo, maana kuna kitu kilinitia hofu.

Hajati wa mlango wa pili alikuwa na pasi iliyokufa. Mpwa wake "akaitengeneza". Wiki mbili baadaye nilipita kumpa pole ya msiba nikasikia harufu, ile ya plastiki inayoanza kuwaza kuungua. Plagi ya pasi ilikuwa imebadilika rangi, ya moto huwezi kuishika. Nikachomoa, nikaifungua kwa bisibisi. Mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri kabisa kama barua ya mapenzi.

"Hajati, hii nani ameweka?"

"Mwalimu, si inawaka?"

Inawaka, ndiyo. Fyuzi kazi yake ni kufa kabla ya waya. Plagi zetu hizi za miguu mitatu ya mraba zina fyuzi ndani, na zinazouzwa sana ni mbili: ya ampea 3, nyekundu, na ya ampea 13, ya kahawia. Kijana wangu wa kidato cha nne alinipigia hesabu mezani: umeme wetu ni volti 240, kwa hiyo pasi ya wati 2000 inavuta ampea 8 na kidogo. Hiyo inataka fyuzi ya 13. Taa ya mezani au redio, ya 3 inatosha, na ukiiwekea ya 13 umeifanyia uvivu ule ule wa karatasi ya sigara, ila kwa adabu. Fyuzi moja mimi nainunua shilingi mia tano. Ninazo kumi ndani ya kopo la dawa ya kikohozi, tano nyekundu, tano za kahawia, na Hajati anajua zilipo.

Testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani, ninayo pia, lakini siiamini sana. Kwanza naijaribu kwenye soketi ninayojua ina umeme, kisha pale ninapotaka kugusa, kisha narudi tena kwenye ile soketi ya kwanza kuhakikisha haijafa katikati ya safari. Na hata ikiniambia hakuna kitu, swichi kubwa nazima. Waya za ndani ya ukuta sizigusi. Hizo za fundi mwenye karatasi.

Tochi iwe ya kichwani. Nilikuwa natumia simu, naishika kwa meno, mpaka ilipodumbukia kwenye tangi. Sina la kuongeza.

Koleo ndilo lililonitia hasara. Duka moja mjini, silitaji, liliniuzia lenye mipini mizuri ya rangi ya chungwa. Waya wa kwanza wa kufungia nondo nilioukata uliacha pengo kwenye makali kama jino lililong'oka. Sasa kabla ya kulipa nalifumba koleo naliinua kwenye mwanga: makali yakipitisha mwanga, narudisha mezani. Nalifungua na kulifumba kwa mkono mmoja pia. Likikwama au likilegea, hapana. Mjini Kampala, Katwe nimepata vyuma vizuri vya kuchomelewa, Ndeeba mipini na mbao, na kwa vifaa vya mtumba kama spana za zamani naona afadhali nipekue soko la Kiseka kuliko kununua kipya kinachong'aa. Kilichotumika miaka ishirini na bado kina meno, mimi nakiamini.

Waya wa kufungia nondo wenyewe, nusu kilo, sitaki hata kuanza kueleza. Uweke tu.

Msumeno wa chuma: meno yaangalie mbele, kwa sababu unakata ukisukuma. Nimeona watu wazima wanalia na paipu nusu saa, bledi imevaliwa kinyume. Tupa ya kunolea panga ni hivyo hivyo, inakula ikisukumwa. Ukiivuta kwa nguvu kurudi unaiua bure. Gundi ya haraka ukishaifungua itakauka tu, ila yangu naiweka kwenye kopo lililozibwa, ndani ya friji, pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya. Imefika miezi minane. Ukijinatisha vidole usivute. Dawa ya kufutia rangi ya kucha, ile yenye asetoni, inaiyeyusha. Binti yangu ndiye aliyegundua, na sikumuuliza alikuwa anafanya nini na gundi.

Na kila kitu cha chuma nakifuta kwa kitambaa chenye oili chafu kidogo ya pikipiki. Hewa ya hapa ni maji matupu miezi yote ya mvua, na chini ya sinki ndiyo zaidi. Jikoni pana harufu ya gereji, wageni wamezoea.

Tatizo la kuacha jerikani wazi ni kwamba mtaa mzima unajua liko wazi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nyundo ya kuazima inasitiri, ila hairudi. Afande, mstaafu anayekaa nyuma yetu, alikuja mwezi wa Juni.

"Mwalimu, habari za nyumbani? Naomba nyundo dakika tano."

"Salama, Afande. Chukua, unajua ilipo."

Dakika tano zikafika Agosti. Nilipitisha mtoto mara mbili, akarudi na maparachichi. Mara ya tatu akarudi na salamu. Nikaanza kupigilia misumari kwa spana ya Reli, na nikiri kwamba kwa uzito wake haifanyi vibaya, ingawa Baba angenifukuza karakana.

Wiki iliyopita Afande alibisha hodi mwenyewe, amesimama wima kama yuko gwaride, nyundo mkononi. Mpini ulikuwa umevunjika siku ile ile ya kwanza, akaona aibu kuirudisha kilema. Akakata tawi la mpera shambani kwake, akaliacha likauke kivulini wiki zote hizo, akalichonga kwa panga, akalipiga msasa, akatia kabari. Mpini laini kama umepakwa siagi. Kichwa hakichezi hata kidogo, nimekipiga kwenye jiwe kujaribu.

Ila ni mrefu. Afande ana mkono mrefu, amejipimia mwenyewe. Haulali ndani ya jerikani, unatokeza nje kiasi cha kiganja, na mlango wa kabati la sinki haufungi tena. Kuukata sithubutu, maana kila akija kuazima kitu huwa anautazama kwanza. Mlango nimeuacha wazi nusu, umeshikiliwa na spana ya Baba, na ule wa jikoni sasa unajipigapiga.